Ribiti Iliyopinda: Ing'olewe au Iachwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tunaishi Minneapolis, Marekani, na tunaunda ndege ya viti viwili aina ya RV-7 kwa seti ya vipande inayouzwa na kampuni ya Van's Aircraft. Tumeanza na mkia. Kwenye boriti ya bawa dogo la mkia, ribiti kadhaa (vijiti vifupi vya chuma laini vyenye kichwa, vinavyoshikanisha mabati mwisho wake ukigongwa) za kipenyo cha milimita 3.2 hazikukaa sawa: nyingine zimelala upande, nyingine zimepondwa mno. Kaka anataka tuzing'oe zote, mimi nasita. Tufanyeje?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Ndugu msomaji, una sababu ya kusita. Katika kazi ya mabati ya alumini, tundu lina thamani kubwa kuliko ribiti, kwa kuwa ribiti hubadilishwa kwa senti chache, ilhali tundu likishapanuka halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo msitangulize keekee, tangulizeni kipimo.

Kichwa kinachotokana na kugongwa kinapaswa kuwa na upana wa takriban mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, yaani milimita 4.8, na kimo cha nusu ya kipenyo, yaani milimita 1.6. Ribiti iliyoegemea kidogo, lakini imefunika tundu lote, haina ufa na mabati yake yameshikana bila mwanya, iacheni, mradi iwe ndani ya viwango vya mwongozo wa seti yenu. Iliyopasuka, au ambayo mabati yake yameachana, lazima itoke. Wala msijaribu kuinyoosha kwa kuigonga tena, kwa sababu alumini huzidi kuwa ngumu kadiri inavyogongwa, na mwisho wake ni nyufa.

Kung'oa kwenyewe kunataka subira. Ribiti za aloi mnazotumia zina kidoti kilichobonyea katikati ya kichwa cha kiwandani, yaani kile ambacho ribiti huja nacho kabla ya kugongwa. Wekeni hapo ncha ya keekee, iwe ndogo kidogo kuliko ribiti, mtoboe kwa kina cha kichwa tu. Kisha ingizeni pini ya chuma ndani ya tundu hilo na kuisukuma upande taratibu mpaka kichwa kikatike. Sehemu iliyobaki isukumwe kwa kugongwa polepole, huku upande wa pili ukiwa umeegemezwa kwenye kipande cha mbao chenye tundu, kwani hapa ndipo watu wengi hupinda bati kwa haraka zao. Ikigoma, itoboeni katikati kwa keekee nyembamba zaidi ili ilegee.

Tundu likipanuka, kuna ribiti ya milimita 4.0, lakini pimeni kwanza nafasi hadi ukingoni. Kanuni ya kawaida kwa ribiti za kichwa cha duara ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati pawe na angalau vipenyo viwili: milimita 6.4 kwa ribiti yenu ya sasa, na 8.0 kwa hiyo kubwa. Tundu lililo milimita 7 kutoka ukingoni, basi, halifai kupanuliwa. Kwa kuwa hiyo ni boriti, sehemu inayobeba mzigo, pigeni picha, andikeni vipimo, na muwaulize mafundi wa kampuni iliyowauzia seti kabla ya kutoboa chochote kikubwa zaidi.