Maswali na majibu: Kuchora pande tatu ukiwa na Linux

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa watu waliohamia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usio na malipo, na sasa wanatafuta programu ya kuchora umbo la pande tatu. Karibu wote wanauliza ipi ni bora. Mimi ningependa kila mmoja aanze na swali jingine: mwisho wa kazi yako unataka kipatikane nini? Kama ni picha ya kutazamwa, njia ni moja. Kama ni kitu kitakachokatwa, kuchomelewa au kuchapwa kwa kipimo, njia ni nyingine kabisa.

Natengeneza mageti na madirisha ya chuma. Kijana wangu ameniwekea Blender kwenye Linux Mint, lakini kila nikichora bomba la milimita 40 vipimo vinanisumbua. Niendelee nayo? (Fundi, Morogoro)

Fundi, pole na kazi. Blender ni programu nzuri sana, ila si ya kazi yako. Yenyewe hujenga umbo kwa vipande vidogo vya uso vilivyoungwa kama ganda. Unaweza kuvuta, kubinya na kulainisha utakavyo, lakini ganda hilo halikumbuki kwamba bomba lilikuwa la 40 na unene wake 2. Wewe unahitaji programu inayokumbuka, nayo ni FreeCAD.

Kazi yake huenda hivi. Unafungua Sketcher, sehemu yake ya michoro bapa, unachora mraba kwa mkono bila kujali ukubwa, halafu unauambia: upande huu ni 40. Ndani yake unachora mraba wa pili, unauambia 36, na kuta zako zinakuwa za milimita 2. Mchoro ukishapata vipimo vyote unavyohitaji, mistari inageuka kijani. Kijani maana yake hakuna tena kinachoelea. Hapo unatumia Pad, amri inayouinua mchoro bapa kuwa umbo, unaandika 2100, na bomba linasimama.

Utamu wake utauona mteja atakapobadili mawazo. Ukiwa umeandika upana wa geti kwenye jedwali la Spreadsheet lililomo humo humo, na michoro yako inausoma upana kutoka pale, unafuta 3000 unaandika 3600, na fremu inajipanga upya. Kisha TechDraw inakutolea mchoro wa karatasi, sura ya mbele na ya ubavu, na vipimo vimeandikwa. Unachapa A4 na kumpa kijana aliyeshika msumeno.

Chukua toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, au lililofuata. Matoleo ya nyuma yalikuwa na ugonjwa mmoja sugu: ukirekebisha mchoro wa mwanzo, nyuso za umbo zilibadilika namba na matundu uliyotoboa baadaye yalihama au kufutika. Toleo la 1.0 limeupunguza ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ukikuta hazina ya programu ya Mint inakupa 0.19, 0.20 au 0.21, iache. Pakua faili la AppImage, yaani programu nzima ndani ya faili moja, bofya kulia, nenda Properties, ruhusu liendeshwe kama programu, halafu libofye mara mbili.

Shikamoo mwalimu. Nataka kujifunza katuni. Nina ThinkPad ya zamani, Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 8. Blender mpya inakataa kufunguka. Ninunue kompyuta nyingine? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba, mwanangu. Usinunue kitu bado.

Tatizo ni kadi ya picha. Kuanzia Blender 4.0, programu inadai OpenGL 4.3, yaani lugha ambayo programu hutumia kuiagiza kadi ya picha. Kadi ya Intel HD 4000 iliyomo kwenye kizazi chako inaishia 4.2 kwenye Linux, kwa hiyo umekosa kwa hatua moja tu. Ukitaka kuhakikisha, weka kifurushi cha mesa-utils, kisha andika kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri: glxinfo | grep "OpenGL version".

Dawa ni Blender 3.6 LTS. Hiyo inaridhika na OpenGL 3.3, na ina karibu kila kitu utakachojifunza kwa mwaka mzima: kuunda umbo, mifupa ya mhusika, mwendo, taa. Ipakue kwenye tovuti ya Blender yenyewe, sehemu ya matoleo ya zamani. Ni faili moja la tar.xz; unalifungua na kuendesha programu papo hapo bila kusakinisha. Mmoja wenu darasani akishalipakua, wengine mnakili kwa flashi, bando linabaki salama, na leseni inaruhusu kabisa. Epuka Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, kama bando ni la kuhesabu, maana mara ya kwanza hupakua na mizigo mingine ya kuiendeshea.

Kwa picha za mwisho, tumia Eevee, mtambo wa haraka wa kutoa picha ndani ya Blender. Cycles, mwenzake wa polepole, itatoa mwanga mzuri zaidi, lakini kwenye prosesa hiyo fremu moja inaweza kukulaza macho.

Natumia Xubuntu kwa laptopu isiyo na kipanya. Kwenye Blender nimewasha Emulate 3 Button Mouse ili Alt ishike nafasi ya kitufe cha kati cha kipanya, lakini nikishika Alt na kuburuta, dirisha zima linahama. (Nairobi)

Hilo linawakatisha tamaa wengi wiki ya kwanza, na kosa si lao. Xfce, yaani mazingira ya madirisha ya Xubuntu, na Cinnamon ya Mint pia, zimeichukua Alt kwa ajili ya kusogeza madirisha, kwa hiyo Blender haipati nafasi ya kuisikia. Fungua Settings, Window Manager Tweaks, Accessibility, ubadilishe kitufe hicho kiwe Super, yaani kile chenye nembo ya Windows. Kwenye Mint kiko ndani ya mipangilio ya Windows, sehemu ya Behavior.

Lakini nakusihi, nunua kipanya chenye gurudumu la kubonyeka. Cha bei ya chini kabisa sokoni kitakufaa.

Nimemaliza usanifu majengo. Chuoni tulitumia AutoCAD, Revit na SketchUp. Je, kwa Wine, ile ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, zitafanya kazi? (Arusha)

AutoCAD na Revit hazina toleo la Linux. Kwa Wine utakuta toleo moja kukuu linafunguka leo na kesho linagoma, na kazi ya mteja haiwekwi juu ya bahati ya namna hiyo. SketchUp ina toleo la kwenye kivinjari, na hilo linafanya kazi.

Kwa nyumba nzima yenye kuta, madirisha na orodha ya vifaa, jaribu BIM, sehemu ya kuchorea majengo iliyomo ndani ya FreeCAD 1.0, au Bonsai, nyongeza ya Blender inayofanya kazi moja kwa moja na mafaili ya IFC, muundo wa wazi wa michoro ya majengo. Kwa kumwonyesha mteja sebule yake na makochi yamepangwa, Sweet Home 3D inatosha, na utaimudu siku moja.

Kikwazo chako cha kweli kitakuwa DWG, aina ya faili la AutoCAD. Mwombe mhandisi akutumie DXF au IFC. Akishikilia DWG, weka ODA File Converter, haina malipo, kisha uionyeshe FreeCAD ilipo, nayo itafungua. Ukiwa na uwezo wa kulipa, BricsCAD ina toleo la Linux na DWG ndiyo lugha yake.

Na nakuambia waziwazi: kama nafasi za kazi unazoomba zinataja Revit kila mahali, acha sehemu ya Windows kwenye diski yako mpaka upate kazi. Ila usiijaze nakala za wizi. Ofisi nyingi changa zimejengwa juu ya nakala hizo, na mafaili yao yote yako rehani.

Shule yetu imepewa printa ya 3D. Tunataka kutengeneza vipuri vya viti na vifaa vya maabara. Tuanze na nini? (Mwalimu, Mombasa)

Kama wanafunzi wako wanasoma kompyuta, anza na OpenSCAD. Humo huchori, unaandika. Kibao chenye tundu la bolti ni hiki:

difference() {
  cube([40, 40, 10]);
  translate([20, 20, -1]) cylinder(h=12, d=8, $fn=64);
}

F5 inakuonyesha, F6 inakamilisha, F7 inatoa STL, faili la umbo la kupelekwa kwenye kuchapa. Hiyo $fn=64, yaani idadi ya pande za duara, usiiache. Bila hiyo OpenSCAD hulitengeneza duara la milimita 8 kwa pande 13, na kwa kuwa pande hizo zinapita ndani ya duara, tundu linapungua karibu robo milimita. Bolti haipiti, na mtoto anadhani amekosea hesabu. Hata ukiweka 64, plastiki nayo hubana kidogo, kwa hiyo mwambie aandike 8.3 badala ya 8, kisha ajaribu kwenye kipande kidogo kabla ya kuchapa kipuri kizima.

STL mnaifungua kwenye PrusaSlicer au Cura, programu za kuliandaa umbo kwa printa, zote zipo kwa Linux. Hifadhini pia faili la .scad. STL ni pembetatu tupu, haina hata alama ya kusema kama kipimo ni milimita au inchi, na kuirudisha iwe umbo la kurekebishika ni taabu.

Programu za bure hufa. Nitajuaje Blender haitafungwa nikiwa nimeshaizoea? (Kigali)

Ilishafungwa. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki huko Uholanzi ilivunjika mwaka 2002. Muasisi wake, Ton Roosendaal, aliafikiana na wawekezaji wauze msimbo kwa euro 100,000, watumiaji wakachanga, na kwa wiki saba fedha zikatimia. Tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo ukatolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa Blender ilishinda tuzo ya Oscar.

Nikiuza picha nilizochora kwa Blender, nawadai au wananidai? (Tanga)

Hakuna anayemdai mwenzake. GPL inahusu programu. Picha, video na mafaili uliyoyatengeneza ni mali yako, uza kwa bei yako.