Mnyoo wa Guinea bado upo
Unauliza kama mnyoo wa Guinea, kimelea kinachoingia mwilini kwa maji ya kunywa, umeshatokomezwa? Hapana ndugu, haujatangazwa kutokomezwa duniani, ila umebaki kidogo sana. Mwaka 2024 waliougua walikuwa watu 15, Chad na Sudan Kusini; mwaka 1986 walikadiriwa kufika milioni 3.5. Kinachochelewesha ni wanyama: mwaka huohuo wa 2024 walikutwa nao zaidi ya 600, wengi wao mbwa wa Chad na Kameruni. Ndiyo maana siku hizi wanyama nao wanahesabiwa, si watu peke yao.

Mimi ni mtu wa mifugo hapa Moshi na jambo hili linanigusa sana, maana hakuna dawa wala chanjo. Mnyoo wa karibu mita moja hutokeza kwenye ngozi, mara nyingi mguuni, ukichoma kama moto, na unatolewa kwa kuuzungusha kwenye kijiti, sentimita chache kwa siku, wiki kadhaa. Mgonjwa akitumbukiza mguu bwawani kutuliza ule moto, mnyoo unamwaga mabuu majini, na anayekunywa maji hayo bila kuyachuja ndiye anayefuata.

Usiuchanganye na minyoo ya tumbo ambayo watoto wetu wanapewa dawa shuleni. Hiyo ni mingine kabisa.