Ukitaka trimu ya kweli kwenye simuleta ya nyumbani, sogeza springi

Usukani wa simuleta ya ndege unaouzwa dukani una tabia moja inayoudhi: ukiuachia unarudi katikati, hata trimu (kile kifaa cha kumwondolea rubani uzito wa usukani mkononi) iwe imekaa vipi. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi wa urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wanaijua vizuri, haifanyi hivyo. Gurudumu la trimu hugeuza kibao kidogo kilicho ukingoni mwa eleveta (ile sehemu ya mkiani inayopandisha na kushusha pua), na hewa inayokipiga kibao hicho ndiyo inayoishikilia eleveta mahali pake. Rubani anavuta usukani mpaka pua ikae anapotaka, kisha anazungusha gurudumu kuelekea nyuma hadi uzito umtoke mkononi. Usukani wenyewe unabaki palepale.

Ukiwa na springi za kawaida unalazimika kufanya kinyume. Unazungusha trimu huku ukiurudisha usukani katikati, mikono inafukuzana, pua inapanda na kushuka. Ukizoea hivyo, siku ukikaa kwenye ndege halisi mkono wako utafanya vituko.

Dawa yake ni kazi ya fundi vyuma zaidi kuliko ya kompyuta. Zile springi mbili, moja inayovuta mbele na nyingine nyuma, usizifunge kwenye fremu. Zifunge kwenye kigari kidogo chenye masikio mawili kinachoteleza juu ya reli, kisha kigari kisogezwe na skrubu ndefu inayozungushwa na gurudumu la trimu. Kigari kikija upande wako sentimita mbili, kituo cha usukani nacho kimekuja sentimita mbili. Basi.

Springi za stendi ya pikipiki achana nazo, ni ngumu mno. Zile ndefu za kufungia mlango wa wavu wa mbu zinafaa zaidi. Zifunge zikiwa zimeshavutwa vya kutosha, kiasi kwamba hata usukani ukifika mwisho wa safari yake hakuna inayolegea. Zikilegea, usukani utachezacheza pale katikati bila kushika, na huo ndio utamu wote wa trimu umeharibika. Msuguano nao ni adui. Kabla ya kufunga springi yoyote, inamisha fremu uone kama usukani unateleza wenyewe. Kama hautelezi, badilisha bearingi kwanza.

Skrubu nayo ichague kwa makini. Zile za T8 zinazotumika kwenye printa za 3D ziko za aina zaidi ya moja. Iliyo maarufu inasogea milimita 8 kwa mzunguko, na inavutia kwa sababu ya kasi, lakini springi zinaweza kuisukuma ikarudi nyuma ukiachia gurudumu. Chukua ya milimita 2, hiyo inajifunga yenyewe. Kwa safari ya sentimita 5 utahitaji mizunguko 25, ambayo inachosha, kwa hiyo mimi niliweka nyororo na gia za baiskeli katikati: meno 44 upande wa gurudumu, meno 18 upande wa skrubu. Inabaki mizunguko kama kumi. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, watakuunganishia bila hata kuuliza unatengeneza nini.

Sasa upande wa simuleta. Usiipe trimu mara mbili. Kihisi kipime usukani uko wapi kwenye fremu, si kwenye kigari, na Arduino (kile kibodi kidogo cha kielektroniki) yenye chipu ya ATmega32u4 (Leonardo au Pro Micro) iitumie simuleta hiyo namba peke yake. Gurudumu lako la trimu lisiunganishwe na simuleta kabisa. Kigari kimeshausogeza usukani, na usukani umeshaisogeza eleveta. Ukituma na trimu juu yake, pua itapanda maradufu. Acha trimu ya simuleta kwenye sifuri.

Kama unarusha Boeing 737, usijisumbue na kigari. Pale trimu hugeuza kile kibawa chote cha mkiani, na usukani unabaki karibu na katikati. Kwenye Airbus A320 kompyuta inajitrimia yenyewe angani, kwa hiyo kijiti cha springi za kawaida kinatosha kabisa.

Mtihani wa kuona kama umefunga vizuri ni huu: kwenye Cessna ya simuleta, ruka bila kupanda wala kushuka, punguza nguvu ya injini, vuta usukani ili usipoteze kimo, kisha zungusha gurudumu hadi usihisi kitu mkononi. Achia. Usukani ukikimbilia mbele, endelea kuzungusha.

Rubani wa kompyuta (otopailoti) peke yake ndiye atakusumbua, kwa kuwa anazungusha trimu ya simuleta bila kukuambia. Ukimtaka, itabidi uongeze mota kwenye skrubu, na kwa simuleta ya X-Plane usome thamani ya sim/cockpit2/controls/elevator_trim, kigari kiifuate, kisha uitoe kwenye namba ya usukani kabla ya kuituma. Mimi namzima, narusha kwa mkono.