Chujio la masizi linaloziba tena baada ya kusafishwa

Swali: Taa ya chujio la masizi, lile linalonasa masizi kwenye bomba la moshi, imewaka tena katika gari langu la dizeli, ingawa fundi amekwisha kulisafisha mara mbili. Sasa ananishauri ninunue jipya. Je, chujio limekufa kweli?

Jibu: Huenda halijafa. Chujio linaloziba muda mfupi baada ya kusafishwa mara nyingi husingiziwa tu, na ubovu huwa uko kwingine.

Fundi aunganishe mashine ya kusomea kompyuta ya gari, kisha atenganishe kiasi cha masizi na kiasi cha majivu. Masizi ni kaboni isiyoungua, nayo huteketea chujio linapopata joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Majivu hutokana hasa na viambato vya oili ya injini na hayateketei kamwe, hivyo yakijaa ndipo chujio hustahili kufunguliwa na kuoshwa au kubadilishwa. Ndiyo maana magari haya hutakiwa kutumia oili yenye majivu machache, sharti ambalo wengi hulipuuza kwa sababu madhara yake hayaonekani mapema.

Kisha akague sensa inayolinganisha mgandamizo wa moshi kabla na baada ya chujio. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, sensa hiyo inapaswa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, ni yenyewe ya kutiliwa shaka. Mipira yake miwili myembamba nayo ichomolewe na kutazamwa vizuri, kwa kuwa ufa mdogo au tone la maji lililonasa ndani hutosha kuidanganya kompyuta.

Vipimo vikiwa sahihi na masizi ndiyo yaliyojaa, yapo maswali mawili: kwa nini hayateketezwi, na kwa nini ni mengi? Safari fupi huikatiza kazi ya kuyateketeza kabla haijakamilika. Thamostati iliyokwama wazi huiacha injini ikiwa baridi, na katika magari mengi kompyuta haiianzi kazi hiyo iwapo mafuta kwenye tangi ni kidogo. Masizi ya kupindukia, kwa upande wake, hutokana na nozeli za kupulizia dizeli zinazovuja, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyokwama wazi, au hewa inayovujia kwenye mipira ya tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Mipira hiyo ningeianza, kwa kuwa ni rahisi kuikagua na husahauliwa mno.

Fundi asikimbilie kuteketeza masizi kwa kulazimisha kwa mashine, maana yakiwa mengi kupita kiasi joto hupanda hadi kulipasua au kuliyeyusha chujio. Kwanza achomoe kijiti cha oili: ikiwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli, dizeli ya ziada inayopulizwa ili kuteketeza masizi imeingia humo katika safari zilizokatizwa, na oili hiyo imwagwe kabla ya jambo jingine lolote.