Mwenyekiti ni mjomba wangu: barua ya kazi niianzeje?

SWALI: Shikamoo mama. Nina cheti cha uhasibu na ninaishi Tandahimba. Chama chetu cha msingi (AMCOS) kimetangaza nafasi ya karani kabla msimu wa korosho haujaanza, na tangazo linasema maombi yaende kwa Mwenyekiti wa Bodi. Mwenyekiti mwenyewe ni mjomba wangu, kaka yake mama. Rafiki yangu ananiambia nianze na "Mheshimiwa", mwingine anasema "Mpendwa Bwana". Mama naye anasema nikimwandikia mjomba bila shikamoo nimemvunjia heshima. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama yako ana hoja. Huku kwetu mjomba si mtu wa kupitwa hivi hivi. Posa yako ikija leo, ataulizwa yeye kwanza. Lakini barua hiyo humwandikii mjomba. Unaiandikia bodi, na yeye anaipokea kwa kuwa ndiye aliyekalia kiti. Itagongwa muhuri, itaingia kwenye jalada, itasomwa na wajumbe msiohusiana nao kwa lolote. Halafu siku moja mkaguzi wa ushirika anafungua jalada lile anakuta "Shikamoo Mjomba" juu ya barua ya karani aliyeajiriwa. Hapo hujamheshimu mzee wa watu, umemchongea.

Andika "Ndugu Mwenyekiti," na mkato mbele yake. Basi.

Najua vijana mnaliona "Ndugu" jepesi, kama la kumwita mtu stendi. Sisi tuliokulia kwenye Ujamaa tunalijua uzito wake: enzi za TANU waziri aliitwa Ndugu na mkulima aliitwa Ndugu. Katika barua za ofisi limebaki hadi leo, na lina faida ambayo wengi hawaioni. Halichagui mwanamume wala mwanamke. Nikiwa afisa utumishi nilipokea barua iliyoanza "Bwana Mkurugenzi", na mkurugenzi wetu wakati huo alikuwa mama. Alicheka, ila jina la mwombaji hakulisahau, na si kwa uzuri. Kama humjui mwenye ofisi, "Ndugu" pamoja na cheo haitakuangusha.

"Mheshimiwa" ina wenyewe: mbunge, diwani, waziri, mkuu wa wilaya, hakimu. Mwenyekiti wa AMCOS, mkurugenzi wa halmashauri, meneja wa kiwanda, hawa si waheshimiwa kwa cheo, na ukiwapachika inasomeka kama unawapaka mafuta. "Mpendwa" ndiyo kabisa uiache. Hiyo ni barua ya Kiingereza iliyovalishwa kanga. Kwa Kiswahili mpendwa ni mchumba wako, au mlokole mwenzako kanisani. Nayo "Kwa yeyote anayehusika" ni ya barua ya utambulisho anayokupa mtendaji wa kijiji. Usiipeleke mahali ambapo tangazo limekutajia mtu wa kumwandikia.

Salamu za dini ziweke kando pia. Wanachama wanaoleta korosho pale wana dini zao tofauti, na chama ni cha wote.

Juu ya salamu, upande wa kushoto, inakaa anwani yake. Cheo kinatangulia, jina la mtu halihitajiki:

Mwenyekiti wa Bodi,
(jina la chama),
S.L.P. (namba),
TANDAHIMBA.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KARANI

Anwani yako na tarehe vinakaa juu kulia. Chini ya kichwa ingia kwenye shughuli: "Ninaomba kazi ya ukarani iliyotangazwa tarehe fulani." Wengi hutanguliza "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Si kosa, ila mimi sijawahi kuona faida yake. Msomaji ametoka kukisoma kichwa hicho sekunde moja iliyopita. Na yale ya "dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako" tuyaachie barua za shuleni. Funga na "Wako mtiifu," kisha saini yako kwa kalamu, kisha jina lako kamili. Barua zisizo na saini ni nyingi kuliko unavyodhani.

Undugu wenu usiuandike popote kwenye barua, lakini usiufiche pia. Mwambie mjomba mapema kwamba unaomba, ili kwenye kikao atamke mwenyewe mbele ya wajumbe na atoke nje jina lako likijadiliwa. Siku ya kuipeleka ukimkuta barazani, mpe shikamoo yake kama siku zote. Bahasha usimpe yeye. Ipeleke ofisini kwa meneja, uwe na nakala ya pili, akugongee muhuri wa kupokea uondoke nayo.