Kumhamishia Mnyama Kwenye Picha Nyingine Bila Kuonekana Amebandikwa

Wanaoanza kuunganisha picha za wanyama huhangaika kwanza na manyoya. Manyoya ni kazi kweli, lakini picha nyingi huharibika kabla hata ya kukata. Mbwa kapigwa picha na mtu aliyesimama, kamera ikimtazama kutoka juu, kisha anapelekwa kwenye njia ya msituni iliyopigwa kamera ikiwa karibu na ardhi. Hakuna brashi ya kuliponya hilo. Kabla ya kufungua programu ya kuhariri picha kama Photoshop, GIMP au Photopea, linganisha kimo cha kamera, upande unakotoka mwanga, na kama vivuli vina kingo kali au laini.

Mwanga unasomeka machoni: tazama nukta nyeupe ndani ya jicho. Ikiwa iko juu kushoto, vivuli vya mandhari mpya viangukie kulia. Visipofanya hivyo, geuza mandhari kushoto-kulia, wala usimgeuze mnyama. Mwenye paka anajua baka jeusi liko sikio gani.

Sasa kukata. Usifute kitu, ficha kwa maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu za picha bila kuzifuta, ambayo nyeupe yake huonyesha, nyeusi huficha na kijivu huonyesha nusunusu. Anza na zana ya kuteua ya programu, kisha brashi ya kuboresha kingo, lakini ipitishe kwenye manyoya tu: mkia, masikio, kifua. Ukiigusisha pua au makucha itayatoboa, kwa sababu inatafuta nywele mahali pasipo na nywele. Kingo za mnyama mmoja hazilingani ukali, na maski yenye ulaini uleule kila mahali ndiyo inayomfanya aonekane kama karatasi iliyokatwa.

Tatizo gumu zaidi ni rangi ya zamani iliyobaki kwenye ncha za manyoya. Mbwa mweupe aliyepigwa kwenye majani hubeba ukijani. Weka tabaka jipya (karatasi angavu ya kuhariria) juu yake, lifunge limguse yeye tu, libadilishe kuwa modi ya rangi (inayobadilisha rangi bila kugusa mwangaza), chukua rangi ya manyoya ya jirani na upake taratibu kwa opasiti (uzito wa rangi) ya asilimia 30 hadi 50. Kukiwa na mstari mweupe kandokando, punguza maski kwa pikseli 1 au 2. Kwa mnyama wa nywele ndefu hilo halitoshi, kwa hiyo chora nywele chache juu ya ukingo, kwenye tabaka lake, kwa rangi uliyochukua hapohapo. Masharubu nayo ni heri kuyachora upya kuliko kuyaokoa. Kama bado una nafasi ya kupiga picha, mpige mbele ya usuli (kilicho nyuma yake) unaokaribiana na mandhari mpya kwa weusi au weupe. Nusu ya taabu hii itakwisha.

Kinachomkalisha mnyama ardhini ni kivuli, tena viwili. Cha kwanza ni chembamba na cheusi, pale nyayo zinapogusa chini. Cha pili ni kipana, na hulainika kadiri kinavyokwenda mbali. Viweke kwenye matabaka mawili ya modi ya maltiplai (inayotia giza kilicho chini yake), na rangi yake uichukue kwenye vivuli vya mandhari yenyewe, kwa kuwa weusi mtupu huonekana kama shimo. Siku ya mawingu kivuli kipana karibu kitoweke, lakini kile cha nyayo hakikosekani kamwe. Penye majani, paka nyeusi kwenye maski kwa brashi nyembamba ili majani yapite mbele ya vidole.

Rangi iwe ya mwisho. Weka kwa muda tabaka la nyeusi na nyeupe juu ya vyote: mnyama aking'aa kuliko mahali aliposimama, rekebisha toni zake kwanza, ndipo uondoe tabaka hilo na kushughulikia ujoto wa rangi. Hakikisha pia ardhi iliyo chini ya nyayo ni kali kama nyayo zenyewe; mbwa aliyetoka wazi kwenye picha huku ardhi aliyoikanyaga imefifia hawezekani kwa lenzi yoyote. Malizia kwa chenga (vidoa vidogovidogo kama vya picha ya filamu) kidogo juu ya picha nzima, ukiitazama kwa asilimia 100.

Hifadhi faili kwanza kama PSD (ya Photoshop) au XCF (ya GIMP), zinazotunza matabaka. JPEG huunganisha matabaka yote, na kivuli ulichotaka kukipunguza kesho hutakipata.