Kwa nini mafundi ujenzi wanaongoza
Ndugu, umeuliza kwa nini mafundi ujenzi wa Marekani wanakufa sana kwa kuzidisha dawa za kulevya. Takwimu za mwaka 2020 za CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, zinawaweka wao na wachimbaji juu kabisa, takriban vifo 163 kwa kila wafanyakazi 100,000. Wa jikoni na wahudumu wa chakula wanafuata.

Mimi naona chanzo kikubwa ni maumivu. Mtu anaumia mgongo, hana likizo ya ugonjwa yenye malipo, anameza vidonge vya opioidi, dawa kali za maumivu zenye uraibu, ili kesho asikose kibarua. Mwili unazoea, dozi inapanda. Akinyimwa vidonge hospitalini anageukia vya mtaani, na humo mara nyingi mna fentanili, opioidi kali mno inayoua hata kwa kiasi kidogo. Tafadhali tusiwaite wazembe! Kila saiti iwe na naloksoni, dawa ya kuzima athari za opioidi: humrudishia mtu pumzi ndani ya dakika chache, ila bado aitiwe msaada wa dharura, maana nguvu ya naloksoni huisha mapema.